Kunywa Maji Kabla Hujasikia Kiu

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Akinyi,

Hatujambo sote. Mama yako ameenda kwenye chama, akirudi ataongeza yake. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Uliposema umeanza kukimbia na wenzako wa hosteli saa kumi na moja alfajiri, nikakuuliza kama unabeba maji, ukanijibu, "Baba, huku ni baridi, hata kiu sisikii." Jibu hilo limeninyima usingizi.

Sikukatazi mazoezi, usije ukamwambia mama yako kwamba nimekukataza. Daktari wa kliniki alisema ukimbie polepole na upumzike kabla hujachoka, na kama umeweza kufanya hivyo, mimi nashukuru. Ninachodai ni maji. Kunywa kabla ya kutoka, beba chupa, kunywa tena ukirudi.

Kwako wewe uliyezaliwa na sikoseli, huu ugonjwa wa damu, kiu si ya kutegemea, na sababu yake iko kwenye figo. Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 kwa siku, kisha karibu zote hurudishwa mwilini, mkojo ukawa lita moja au mbili tu. Kazi hiyo ya kurudisha maji inategemea sehemu ya ndani ya figo, penye chumvi nyingi na oksijeni kidogo. Hapo ndipo damu yako hupata shida kwa urahisi, na mishipa midogo ya hapo iliumia ungali mdogo. Mwenzako akikosa maji, figo zake huyabana. Zako huendelea kuyatoa. Ndiyo maana kitanda kilikuwa kikilowa hata ulipokuwa mkubwa, na ndiyo maana mpaka leo unaamka usiku. Dani, nyanya yako, ndiye aliyesema unyimwe maji jioni, na katika nyumba hii hakuna aliyembishia. Sasa unajua. Tena usijipime kwa rangi ya mkojo kama wanavyofanya wenzako, maana wako unaweza kuwa mweupe na huku mwili umekauka.

Mambo ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, unayajua, sitayarudia yote. Ila kuna jambo moja ambalo sidhani tuliwahi kulifikisha mwisho. Kinachoipinda chembe nyekundu si kukosa oksijeni peke yake. Mwili ukikauka, chembe nayo hupoteza maji, himoglobini inabanana humo ndani, na ikishaachia oksijeni inashikana upesi kuwa nyuzi ngumu zinazoikunja chembe kama mundu. Chembe ya kawaida ina upana wa maikromita 7 au 8, na mishipa midogo kabisa ni myembamba kuliko hapo, kwa hiyo huwa inajiminya ndipo ipite. Iliyokunjwa haijiminyi. Inakwama, zinazoifuata zinakwama nyuma yake, na mbele yake kuna mfupa au pafu au ubongo unaosubiri hewa. Maumivu unayoyajua wewe huanzia hapo. Akinyi, glasi mbili za maji alfajiri ni kitu kidogo sana ukilinganisha na hayo.

Halafu fikiria mahali ulipo. Sisi hapa tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Eldoret ni kama 2,100. Wanariadha wanapiga kambi huko kwa sababu hewa ikiwa nyepesi, figo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi, nao wakishuka kushindana wanakuwa na damu ya ziada. Uboho wako wewe haujapumzika tangu uzaliwe. Chembe yangu mimi inaishi siku kama 120, yako siku 10 hadi 20, na zote hizo lazima zijazwe upya. Kidonge cha foliki cha kila asubuhi ni kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa hiyo hewa inayowajenga wenzako, wewe inakudai. Na baridi ya alfajiri hubana mishipa ya ngozi, damu ikapita kwa taabu. Vaa sweta na soksi nzito, usiangalie wenzako wamevaa nini.

Hata hivyo, Jumatatu nilipoingia ofisi ya walimu niliwaambia wote kwamba binti yangu anakimbia Eldoret. Ulikosa masomo mara nyingi kidato cha tatu, na bado uliwapita waliokuwa darasani kila siku. Nataka umalize hiyo digrii. Sitaki nipigiwe simu ya usiku na mtu nisiyemjua.

Ukipata homa ikafika 38.5, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitali usiku huohuo. Wengu, ambao kwa watu wengine huchuja vijidudu kutoka kwenye damu, kwako ulizibika na kusinyaa utotoni, na ndiyo sababu ya zile chanjo za nimonia. Kifua kikiuma na pumzi ikawa fupi, nenda pia. Ukifika, jieleze. Habari ya yule daktari wa zamu aliyedhani unaigiza siirudii, lakini tangu siku ile umekuwa mtu wa kunyamaza mbele ya madaktari, na adabu ya namna hiyo mimi sikukufundisha. Sema, "Nina sikoseli, nina maumivu, naomba maji ya mshipa na dawa." Sema hivyohivyo.

Dawa yako ya haidroksiyurea usiiruke. Inaongeza ile himoglobini ya kitoto ambayo haishikani, lakini haifanyi kazi kwa kumezwa siku unazokumbuka. Na kipimo cha damu usikikwepe, kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe.

Jambo jingine, mama yako amesema nilitaje mimi. Siku utakapompata mtu, na apimwe sikoseli. Mimi na mama yako kila mmoja alibeba nusu, na nusu hiyo ilitukinga na malaria kali hapa kandokando ya ziwa tangu tukiwa watoto. Hatukuhisi chochote. Wewe ulipata zote mbili. Enzi zetu watu walipima mahari, damu haikupimwa. Nawe usidhani damu yako inakukinga na malaria: kwako ndiyo hatari zaidi, kwa hiyo ukija Desemba njoo na Paludrine yako, ile dawa ya kukinga malaria, na chandarua kitakuwa tayari.

Ochieng' ametulia kidogo shuleni, ingawa hesabu bado. Kuku wawili wameibwa. Mama yako amenunua tangi kubwa bila kuniuliza, na nimeona ni vizuri. Paa la jikoni litangoja mwezi ujao kwa sababu ya karo yako, usijisumbue na hilo.

Lita tatu kwa siku, Akinyi. Siku ya kukimbia ongeza, siku ya kuharisha ongeza zaidi. Na ukienda kwenye sherehe ukapewa pombe, ujue inakausha, tena sana. Sitauliza kama unakunywa.

Kesho nitatuma mzigo kwa matatu inayopitia Chavakali na Kapsabet. Ndani kuna thamosi, ile ya lita moja, soksi pea tatu, sweta ya mama yako ya kijivu, omena iliyokaangwa na njugu. Thamosi ijaze maji ya uvuguvugu usiku, uiweke karibu na kitanda, ili alfajiri usitafute kisingizio cha baridi. Mzigo utafika stejini kama saa tisa mchana. Beba kitambulisho, na usimlipe kondakta, nimeshamlipa.

Baba yako