Barua ya wazi kwa vijana wabunifu wa Tanga

Wanangu na wajukuu zangu mnaobuni vitu katika karakana za Ngamiani, Makorora, Chumbageni na Pongwe, pamoja nanyi mlioko Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto,

Assalaam aleikum, na amani iwe kwenu nyote.

Tangu nilipostaafu ufundi katika karakana ya shamba la mkonge, wengi wenu mmekuwa mkinijia barazani na vitu mlivyoviunda kwa mikono yenu, na karibu kila mmoja hufungua mazungumzo kwa kuniuliza atapata wapi mfadhili. Sikumbuki aliyewahi kuanza kwa kuniuliza ni nani atakayekinunua chombo chake, na kwa bei gani. Nimeona ni heri niwajibu nyote kwa pamoja, kwa maandishi, kwa sababu jambo ninalotaka kuwaambia ni moja: chombo chako, hata kikizunguka vizuri mbele ya mgeni rasmi, bado hakijakamilika mpaka mtu asiyekujua, asiye mjomba wako wala mwalimu wako, akinunue kwa fedha yake, akitumie mwaka mzima, kiharibike, na akitengeneze bila kukupigia simu usiku.

Kijana mmoja wa hapa mjini, ambaye jina lake nalihifadhi, aliunda mashine ya kukuna nazi. Ilikuwa kazi safi: fremu imenyooka, mkanda umekaa sawa kwenye puli, na juu ya meno kuna kifuniko cha bati alichokichomelea pande zote ili mkono wa mtu usiingie. Tuliipeleka kwa mama mmoja auzaye wali wa nazi karibu na soko la Mgandini. Mama alikuna nazi mbili, akaridhika na kasi yake, kisha akaingiza kidole chini ya kifuniko, akakitoa kikiwa na mabaki ya nazi, akayanusa. Akauliza: "Haya yanayobaki humu nitayatoaje, mwanangu? Kufika adhuhuri yatakuwa yamechacha, na tui la jioni litanuka." Kijana akamjibu kwamba mashine inamaliza nazi moja upesi kuliko mbuzi yoyote. Mama akalirudia swali lake neno kwa neno, maana hakuwa amejibiwa. Kifuniko hakikuwa na bawaba wala skrubu ya kufunguliwa kwa mkono, na kukisafisha kungehitaji msumeno. Hakuna jaji wa mashindano ambaye angeliuliza swali lile, kwa sababu jaji hapiki.

Basi, kabla hujamwonyesha mfadhili, peleka chombo kwa mwenye kazi, ukae kando, unyamaze. Usimwelekeze namna ya kukishika. Ukiona anakishika vibaya, jua umekiunda vibaya, kwa maana huko sokoni hutakuwapo kumwelekeza kila mnunuzi. Wenye kazi wanajua mengi kuliko tunavyowadhania, na mkoa wetu una ushahidi wa hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, aliona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu aliouingiza kwenye friji ungali moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza darasani alichekwa. Alipomuuliza rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu hapa Tanga mjini, alielezwa kwamba wao huuingiza ukiwa moto ili ugande upesi. Wauza aiskrimu walikuwa wamekwisha kulifanya jambo hilo njia ya riziki kabla Mpemba na mhadhiri Denis Osborne hawajaliandika katika jarida la elimu ya fizikia mwaka 1969. Niseme pembeni tu kwamba ugunduzi wa namna ile haupewi hataza, yaani hati inayompa mbunifu peke yake haki ya kukiunda na kukiuza alichobuni. Hataza hutolewa kwa kitu kilichobuniwa ili kutatua tatizo, si kwa tabia ya maumbile ambayo mtu ameiona.

Sasa nije kwenye bei, ambapo wengi wenu huanguka. Mtu akiulizwa mashine yake imemgharimu kiasi gani, hutaja vyuma, mota na beringi, akaishia hapo. Tuseme vifaa vimekula shilingi 400,000. Je, siku zako za kazi ziko wapi? Umeme wa kuchomelea je, nauli ya kwenda Dar es Salaam kuifuata mota, rangi, na kile chuma ulichokikata vibaya ukakitupa? Muuza duka atakayeiweka mbele ya wateja wake naye atataka faida yake, na mashine moja kati ya kadhaa itarudi ikiwa mbovu, nawe utapaswa kuitengeneza bure ili jina lako lisiharibike. Ukivijumlisha vyote hivyo unaweza kukuta kwamba mashine ya vifaa vya 400,000 haiuziki chini ya 900,000, na hapo ndipo swali la kweli linapoanza: mama yule wa wali ana 900,000? Kama hana, una njia mbili. Ya kwanza ni kuirudia mashine na kuondoa kila kisicho cha lazima, ukitumia beringi na mikanda inayopatikana katika duka lolote la vipuri badala ya ile ya kuagiza. Ya pili ni kuacha kuuza mashine na kuuza kazi inayofanywa na mashine.

Njia hii ya pili mnaijua tangu utoto ila hamuihesabu kuwa ni biashara ya ubunifu. Nyumba chache sana zina mashine yake ya kusaga nafaka. Watu hubeba debe lao la mahindi hadi kwa mwenye mashine, wakalipa. Mhandisi Mtanzania Askwar Hilonga wa Arusha, ambaye mwaka 2015 alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi wa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazonasa vichafuzi kama floraidi. Wengi waliohitaji maji safi hawakuwa na uwezo wa kununua chujio lenyewe, na kwa hiyo yakaanzishwa vituo ambamo mwenye kituo anakuwa na chujio na jirani zake hununua maji kwa bei wanayoimudu. Ubunifu ni uleule, lakini mnunuzi amebadilika.

Kwetu Tanga hesabu hiyo inaweza kufanyika katika mkonge. Daktari Richard Hindorf aliuleta mkonge katika pwani hii mwaka 1893, na kwa muda mrefu uchakataji umetegemea korona, mashine kubwa zinazotaka maji mengi, umeme, na malori ya majani kila siku. Mkulima mdogo mwenye ekari chache hawezi kuwa na korona, na jani likishakatwa halisubiri. Likikauka nyuzi hazitoki vizuri. Tena nyuzi zenyewe ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo anayesafirisha majani kwenda kiwandani analipa nauli ya maji na makapi. Yeyote kati yenu atakayeunda mashine ndogo inayovutwa shamba kwa shamba, ikamchakatia mkulima kwa malipo ya kila kilo ya nyuzi, hatahitaji kumshawishi mtu kwa maneno. Wapo waliojaribu, na nimeziona baadhi ya mashine zao. Kasoro ninayoikuta mara nyingi ni kwamba zinamtaka mtu asukume jani kwa mkono karibu mno na visu. Nimefanya kazi karibu na korona muda wa kutosha kujua visu hivyo hufanya nini kwa vidole. Anzeni hapo.

Kuhusu hataza nina maneno ya kupunguza shauku, ingawa sina nia ya kuwavunja moyo. Kwa Tanzania Bara maombi hupelekwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na kitu hupimwa kwa mambo matatu: kiwe kipya, kiwe na hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kwa urahisi, na kiweze kutumika viwandani. Upya huo ndio unaopotea kizembe. Ukikionyesha kwenye maonesho au ukakitangaza kwa video simuni kabla ya kuwasilisha maombi, unaweza kuwa umejifungia mlango mwenyewe. Wasilisha kwanza, onyesha baadaye. Kabla ya hapo, fundi au mshirika unayemfunulia kazi atie saini karatasi ya kutunza siri, na kila unachochora kiwe katika daftari lenye tarehe na sahihi ya shahidi, maana mali bila daftari huisha bila habari. Lakini msigeuze tahadhari kuwa ugonjwa. Wapo wanaoficha kazi yao hata kwa wale ambao wangeinunua, na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Sisi watu wa Tanga tuna jambo la ziada la kulizingatia, kwa sababu tunafanya biashara na majirani wa pande mbili. Hataza ni ya nchi kwa nchi. Hati ya BRELA haivuki maji kwenda Pemba, kwa kuwa Zanzibar ina ofisi yake ya usajili, wala haipiti Horohoro kuingia Kenya. Hata hivyo Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa Paris wa kulinda mali za ubunifu wa viwandani, na mkataba huo humpa aliyewasilisha maombi katika nchi moja muda wa miezi 12 kuwasilisha katika nyingine huku akihesabiwa tarehe yake ya kwanza. Miezi hiyo itumieni kupima soko, ili mjue kama Mombasa inastahili gharama hiyo. Kwa wengi wenu alama ya biashara itawafaa mapema kuliko hataza: usajili wake wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10, na mashine yenye jina linaloaminika huuzika hata jirani akiiga umbo lake.

Tena hataza haijilindi yenyewe. Mmarekani Robert Kearns aliwasilisha mwaka 1964 maombi ya hataza ya waipa za gari zinazofuta kioo na kupumzika kidogo kabla ya kufuta tena. Aliishtaki kampuni ya Ford mwaka 1978, na akalipwa dola milioni 10.2 kwa mapatano mwaka 1990. Alipata haki yake, lakini hesabuni miaka. Mimi binafsi ningempendelea kijana wangu auze mashine 50 za kawaida kuliko azeeke mahakamani akiwa na hati nzuri.

Jihadharini zaidi na wale wanaojitokeza wakisema watakusajilia, watakutafutia kiwanda, watakupeleka ng'ambo, ila kwanza ulipe. Marekani waliona watu wakiliwa hivyo hata wakatunga sheria mwaka 1999 inayomlazimu wakala wa namna hiyo aeleze kwa maandishi ni wateja wake wangapi waliowahi kupata fedha zaidi ya walizomlipa. Swali hilo liulizeni hapahapa, kwa adabu, na mlitake jibu kwenye karatasi. Mwenye kazi ya kweli atawatajia wateja wake, mwingine atakasirika.

Akija mwenye kiwanda cha kweli kutaka leseni, yaani ruhusa ya kuzalisha chombo chako, msishangilie asilimia ya mrabaha, yaani fungu lenu katika mauzo yake, peke yake. Asilimia 5 ya mauzo ambayo hayakufanyika ni sifuri. Ombeni kiasi fulani mkononi siku ya kusaini, kiwango cha chini cha malipo kila mwaka, na kifungu kinachosema kwamba asipoanza kuzalisha katika muda mliokubaliana, haki zote zinarudi kwako. Bila kifungu hicho anaweza kuichukua leseni na kuifungia kabatini ili isishindane na bidhaa yake.

Viwango na mikopo nitavieleza kwa ufupi. Nendeni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mapema, wakati chombo kingali rahisi kubadilishwa, kwa sababu huko ndiko mjasiriamali mdogo hupata barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango. Na kama chombo chako kinagusa chakula, uliza kuhusu aina ya chuma kabla hujanunua bati. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ichukueni mkiwa na oda mkononi. Kuichukua ili ukafanye majaribio ni kuwatwisha wenzako wa kikundi deni la udadisi wako, na shamba la mzee lisiuzwe kwa sababu hiyo hata kidogo.

Najua baadhi yenu mnajiandaa kwenda Sabasaba. Mkifika pale, kila anayesimama mbele ya meza yenu atasifu, kwa kuwa kusifu hakulipiwi. Kuweni na daftari mezani. Anayeuliza inapatikana wapi, andikeni jina lake, namba yake na kazi yake. Anayesema bei ni kubwa, muulizeni yeye angelipa kiasi gani na kwa sasa anaifanyaje kazi hiyo, kisha msibishane naye, andikeni tu. Baada ya wiki moja wapigieni simu wote, muwaombe malipo ya awali ya robo ya bei. Watakaolipa, hata wakiwa watatu, waundieni wao kwanza.

Ni mimi mzee wenu,
fundi mstaafu wa karakana ya mkonge,
Ngamiani, Tanga.