Ukihama Florida, leseni ya bastola nayo ina anwani

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe Waswahili wenzangu tunaoishi Florida.

Tulipohama kutoka Tampa kwenda Orlando nilibadilisha anwani benki, shuleni kwa watoto, hata kwenye bima ya gari. Leseni yangu ya kubeba silaha iliyofichwa sikuikumbuka kabisa. Ilikaa kwenye pochi nyuma ya kadi ya bima, kona zimechakaa.

Sheria ya jimbo inakupa siku 30 tangu uhame kuiarifu Idara ya Kilimo na Huduma kwa Walaji. Ndiyo, kilimo, wao ndio wanaotoa leseni hizi. Ukichelewa faini ni dola 25. Si kosa la jinai, lakini si hilo linaloniuma.

Leseni hudumu miaka 7, na ilani ya kuihuisha hutumwa kwa posta angalau siku 90 kabla haijaisha. Yangu ilikwenda nyumba ya zamani. Mpangaji mpya, Mungu ambariki, alinipigia simu: “Dada, kuna bahasha yako hapa.” Zilikuwa zimebaki siku 11. Ukipitisha siku 180 baada ya kuisha, unaanza upya, alama za vidole na yote.

Wengine wataniambia tangu Julai 2023 Florida haidai leseni. Kweli, ila mimi huvuka mpaka kumtembelea mdogo wangu katika jimbo linalodai leseni na kuitambua ya Florida, na sitaki kusimamishwa barabarani usiku, watoto wamelala kiti cha nyuma, nikiwa na kadi iliyokwisha muda.

Mama wa watatu,
Orlando, Florida