Barua ya wazi kwa Paul DePodesta: mechi 119 zilizopotea na hewa ya Denver

Kwako Bwana Paul DePodesta,
Rais wa Shughuli za Besiboli, Colorado Rockies,
Denver, Colorado.

YAH: WARUSHAJI NA WAPIGAJI WA TIMU INAYOCHEZA MITA 1,600 JUU YA BAHARI

Bwana DePodesta, salaam.

Timu uliyokabidhiwa Novemba 2025 ilikuwa imetoka kushinda mechi 43 na kupoteza 119. Ilipata mikimbio (alama za mchezo huu) 597 na kuruhusu 1,021, na pengo hilo la 424 halijawahi kufikiwa na timu yoyote ya ligi kuu tangu mwaka 1900. Warushaji wa kuanza, yaani wanaofungua mechi, waliruhusu wastani wa mikimbio 6.65 kwa kila awamu 9 (mechi nzima), wastani mbaya kuliko wote tangu kipimo hicho kiwe rasmi mwaka 1913. Mwaka 2023 zilipotea mechi 103, mwaka 2024 zikapotea 101. Hii ni hali ya miaka mitatu, na haiwezi kuelezwa kwa majeruhi wala kwa bahati mbaya.

Wapo watakaokuambia kwamba Denver ni Denver, hewa ni nyepesi na hakuna la kufanya. Sisi tunaamini kinyume chake. Hewa ya Coors Field, uwanja wenu wa nyumbani, inapimika, haibadiliki sana kutoka mwaka hadi mwaka, na timu hii ndiyo pekee inayocheza ndani yake mechi 81 kwa msimu. Aliyepaswa kuteseka zaidi ni mgeni anayekuja kwa siku tatu na kuondoka. Ikiwa mwenyeji ndiye anayeteseka, basi kilichokosekana ni utaratibu.

Tuanze na mrushaji. Hewa ya pale ina uzito wa takriban asilimia 82 ya ile ya usawa wa bahari. Mpira unaozunguka hupinda kwa kusukumwa na hewa, hivyo hewa ikipungua na msukumo nao hupungua. Chukua mpira wa kasi ambao San Diego, mji wa pwani, hufika kwa mpigaji ukiwa sentimita 45 juu ya pale ambapo mvutano wa dunia peke yake ungeushusha. Mkono uleule na mzunguko uleule, Denver utapata kama sentimita 37. Sentimita 8 zilizopotea ni nyingi kuliko unene wa gongo lenyewe, ambalo kwa kanuni halizidi sentimita 6.6. Mpira uliokusudiwa kupita juu ya gongo sasa unakutana nalo katikati. Ule wa kupinda nao hauzami vya kutosha, unabaki ukining'inia usawa wa kiuno. Ukipigwa vizuri, mpira ambao pwani ungeanguka mita 122 huenda karibu mita 128, na uzio wa katikati uko mita 126.5.

Chumba cha unyevu cha kuhifadhia mipira, kilichoanza kutumika mwaka 2002, kilisaidia sana. Mwaka 1999 mipira 303 ilipigwa nje ya uzio katika uwanja huo mmoja, rekodi ya viwanja vyote. Mpira uliokauka huwa mgumu, huruka zaidi, na ngozi yake huteleza mkononi. Ila chumba hicho hurejesha hali ya mpira tu. Ukishatoka mkononi mwa mrushaji unapita kwenye hewa ileile. Kusogeza uzio karibu hakutasaidia, na kuusogeza mbali kutaongeza nafasi tupu kwenye eneo la nyuma ambalo tayari ndilo pana kuliko yote ya ligi, ambako wadakaji watatu hulazimika kusimama mbali na mipira mifupi ikaanguka mbele yao.

Kinachobaki ni kuchagua na kufundisha mirusho isiyoitegemea hewa. Ipo. Slaida (mrusho wa polepole kidogo kuliko mpira wa kasi) inayozunguka kama risasi, mhimili wake ukielekea kwa mpigaji, haipindwi sana na hewa popote pale. Hushushwa na mvutano wa dunia, na mvutano huo Denver haupungui kwa kiasi cha kuzungumzia. Splita, mrusho unaoshikwa kwa vidole vilivyopanuliwa, huzunguka kidogo, nayo hupoteza kidogo. Mpira wa kuchelewa hufanya kazi kwa tofauti ya kasi, kwa hiyo mrushaji mwenye pengo la maili 10 kwa saa kati yake na mpira wake wa kasi hana cha kuhofia. Tena hewa nyepesi ina zawadi yake: haiupunguzi mwendo mpira kama ya pwani, hivyo mpira wa kasi humfikia mpigaji mapema kidogo. Kyle Freeland, mrushaji mzaliwa wa Denver, alimaliza msimu wa 2018 kwa wastani wa mikimbio 2.85, na katika uwanja wa nyumbani ulikuwa 2.40. Inawezekana, na imeshafanyika.

Klabu imewahi kulipa ghali kwa kutolitazama hili. Desemba 2000 ilimsaini Mike Hampton kwa miaka 8 na dola milioni 121, mrushaji aliyetegemea mpira wa kuzama. Wengi walidhani mpira wa kuzama ni salama kwa kuwa hupigwa chini, ilhali nao huzama kwa nguvu ya hewa kama mingine. Mwaka 2001 wastani wake ulikuwa 5.41, mwaka 2002 ukawa 6.15, kisha akauzwa. Kwa hiyo kabla ya kumsaini mrushaji yeyote, fanyeni hesabu ambayo kamera zilizofungwa katika viwanja vyote zinairahisisha: chukueni kila mrusho wake, ondoeni asilimia 18 ya mpindo unaotokana na hewa, halafu ulizeni kama bado ana silaha mbili za kumkosesha mpigaji. Akibaki na moja, mwacheni.

Tatizo kubwa zaidi tunaloliona liko kwenye njia wanayopitia vijana. Mrushaji chipukizi wa Rockies hupanda kupitia timu zenu za chini, kutoka Fresno kwenda Spokane, kisha Hartford, na kambi ya kujiandaa na msimu iko Scottsdale, Arizona. Kote huko hakuna mahali panapokaribia mwinuko wa Denver. Anajifunza umbo la mirusho yake kwa miaka miwili au mitatu katika hewa nzito, halafu anapandishwa na kukuta mirusho hiyo imebadilika. Tazama alivyopita mrushaji Chase Dollander, chaguo la 9 katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2023. Mwaka 2024 alicheza Spokane na Hartford, akagusa tu Albuquerque, na Aprili 2025 akawa Denver. Ugenini wastani wake wa mikimbio ulikuwa chini ya 4; nyumbani ulikaribia 10. Kijana huyo anajua kurusha. Alipelekwa vitani na silaha zilizopimwa kwenye hewa nyingine, na hilo si kosa lake.

Albuquerque, timu yenu ya daraja la chini kidogo ya ligi kuu, iko kwenye mwinuko unaokaribia kabisa ule wa Denver. Ndiyo shule mliyonayo tayari. Mrushaji wa Hartford aletwe huko wiki mbili katikati ya msimu, arushe mazoezini tu, apimwe mrusho kwa mrusho, aondoke na orodha mbili: mirusho ya nyumbani na ya ugenini. Mshiko unaofaa San Francisco si lazima ndio unaofaa Denver, na mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji na kuitisha mirusho lazima azijue orodha zote mbili. Pia asiwepo atakayepanda ligi kuu kabla ya kuanza mechi angalau nane Albuquerque, hata kama mashabiki tunapiga kelele.

Albuquerque inafaa pia kwa kuzungusha watu. Kikosi kinaruhusu wachezaji 26 na warushaji wasiozidi 13. Katika mfululizo mrefu wa nyumbani tunashauri warushaji sita wa kuanza, kila mmoja aishie kwenye mirusho 85 hivi, kwa sababu hewa kavu na oksijeni pungufu huchelewesha mwili kupona. Wa akiba wanabaki saba, na hao watachoka. Hapo ndipo panapohitajika hesabu: mchezaji anaweza kushushwa timu ya chini mara tano tu kwa msimu, na mrushaji aliyeshushwa hukaa siku 15 kabla ya kurudi, isipokuwa anaziba pengo la majeruhi. Mpango huo uandikwe Machi. Ukiandikwa Mei, mikono imeshachoka na mechi zimeshapotea. Msimu wa 2025 timu ilikuwa na ushindi 9 na vipigo 50 mwanzoni mwa Juni.

Wapigaji nao wana ugonjwa wao. Wakishakaa siku tisa wakiona mirusho isiyopinda, wanaruka hadi Los Angeles ambako sentimita zile 8 zimerudi, na gongo linapita hewani. Mashine za kurusha zinazopangiwa mzunguko zinaweza kusaidia, ila tahadhari: mashine iliyowekwa Denver nayo inarusha kwenye hewa ya Denver. Ukiipangia mizunguko 2,300 kwa dakika ya mrushaji wa Dodgers wa Los Angeles, mpigaji ataona mpindo wa Denver na kujidanganya kwamba yuko tayari. Anzieni 2,800 kwenda juu. Msukumo hauongezeki sambamba na mzunguko, kwa hiyo msiiamini namba ya mashine. Pimeni kwa kamera hadi sentimita zenyewe zifike. Mazoezi hayo yaanze siku mbili kabla ya safari, na yawe ya lazima kwa kila mpigaji, akiwemo Hunter Goodman aliyevusha uzio mipira 31 mwaka 2025.

Msisubiri mkombozi kutoka kwenye uteuzi wa chipukizi. Timu iliyopewa nafasi ya kuchagua mapema kwa bahati nasibu miaka miwili mfululizo haipewi mwaka wa tatu, hivyo pamoja na mechi 119 zilizopotea, mwaka 2026 Rockies hawawezi kuchagua mapema kuliko nafasi ya 10. Wala msinunue jina kubwa kwa pupa. Kris Bryant alisainiwa mwaka 2022 kwa miaka 7 na dola milioni 182, na majeraha, hasa ya mgongo, yakamruhusu mechi 170 katika misimu minne. Fedha ya mkataba mmoja wa aina hiyo ingejenga maabara ya warushaji Denver na nyingine Albuquerque, ikalipa wapimaji na madaktari, na sehemu kubwa ikabaki.

Tunakuomba mambo mawili yafahamike hadharani: nani ndani ya klabu anawajibika kwa utaratibu wa mwinuko, kwa jina na cheo, na ni warushaji gani wa Hartford watakaopelekwa Albuquerque kupimwa, na lini.

Wasalaam,
Ni sisi mashabiki wa Rockies tunaozungumza Kiswahili.