Barua kwa mwanangu: ndala mbovu na safari ya Kampala

Mwanangu kipenzi,

Ujumbe wako umenifika: likizo ndefu, umeme umekatika, simu ya shangazi haina chaji, umeboeka. Basi boeka kwanza. Kaa chini ya mwembe robo saa bila la kufanya, na asikuletee mtu simu. Macho yenyewe yataanza kuokota vitu: ndala iliyokatika, chupa tupu ya maji ya nusu lita. Hilo tayari ni gari.

Magurudumu yatoke kwenye ndala. Chora duara nne kwa kitako cha kikombe kidogo cha chai, kisha shangazi akukatie. Akipaka kisu maji ya sabuni hakitakwama kwenye mpira. Kupata katikati usikisie: chora duara ile ile kwenye karatasi, ikate, ikunje mara mbili, mikunjo inapopishana ndipo pa kutoboa. Ukikosea, gari litachechemea kama bata.

Ekseli, yaani mihimili ya magurudumu, ni vijiti viwili vya mshikaki. Sasa sikiliza hapa, maana wengi wanaharibu hapa: tundu la gurudumu libane kijiti, tundu la chupa likiachie kizunguke. Ukibana kote, gari linaburuzwa tu. Matundu ya chupa atoboe mtu mzima kwa msumari wa moto, karibu na chini, mkabala kwa mkabala. Yakipishana, gari litakwenda upande kila ukilisukuma. Kati ya chupa na gurudumu vika kipande kifupi cha bua la jani la mpapai, lina uwazi ndani, ili gurudumu lisikwaruze ubavu. Gari likiwa jepesi mno, tia chupani mchanga vijiko vitatu.

Gari bila safari ni chupa tu. Kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Kampala ni kama kilomita 200, kwa hiyo hatua moja uani iwe kilomita 10. Bugiri ipite, hatua ya 8 ni Iganga, ya 12 ni Jinja. Hapo weka beseni la maji, ndiyo Nile, na daraja mjenge wenyewe kwa chochote kitakachobeba gari. (Ubao mmoja mrefu utapinda katikati, uwekee tofali chini.) Kabla ya Mukono mnasimama Namawojjolo, wauzaji wa kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) wanakimbilia dirishani. Nani anauza? Kwa shilingi ngapi? Abiria wanateta nini na kondakta? Hayo siyaandiki, yatungeni nyinyi.

Abiria ni maharage 14, ndio wa taksi, zile basi ndogo za Uganda. Ukipakia wa 15, trafiki atakusimamisha, na trafiki awe mdogo wako, atafurahi kupuliza filimbi. Usimpe yeye kusukuma tu siku nzima. Atalia na mchezo utakufa.

Mvua ikinyesha, ongezeni maharage yafike 64 mcheze mweso, ule mchezo kama bao, barazani: chora mashimo 32 kwa chaki, mistari minne ya manane, kila mtu na maharage yake 32. Babu anajua namna ya kula, muulize yeye.

Ndala za bibi za kuendea msikitini zisiguswe. Ile mbovu iko nyuma ya banda la kuku.

Mama yako