Banda la Tendaguru halina paa: tunaomba mchango wenu kabla mvua hazijaanza

Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na salamu kwa ndugu zetu wote wa Lindi, mlioko nyumbani, Dar es Salaam na popote riziki ilikowafikisha.

Tunabisha hodi tena, na tunaona haya. Mwaka juzi tu tuliwaomba mkatuitikia, kuta za banda la kupumzikia wageni chini ya kilima cha Tendaguru, hapa kwetu Lindi, zikasimama kwa fedha zenu na kwa mikono yetu. Kuta zipo mpaka leo, imara. Lililotuangusha ni paa.

Machi mwaka huu walikuja wanafunzi 23 wa sekondari na mwalimu wao mmoja. Walipanda kilimani mchana, wakaona mashimo ya zamani yalikochimbwa mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria), wakauliza maswali mpaka vijana wetu wanaowaongoza wageni wakafurahi. Wakati wa kushuka, mvua ikawakuta. Gari lao lilikuwa limekwama kwenye tope huko nyuma, ikabidi walale bandani. Mabati ya upande mmoja yalikuwa yameng'olewa na upepo tangu Januari, na yaliyobaki yametoboka kama chekeche. Watoto tuliwasogeza kona moja chini ya turubai la kuanikia ufuta, wakakaa pale wameshikana mpaka alfajiri. Msichana mmoja alikuwa na pumu. Mama mmoja wa kikundi chetu alimkumbatia usiku kucha ndani ya khanga zake mbili, akimsugua mgongo na kumwombea, na wanaume tukasimama kwenye uwazi tumeshika ncha za turubai lisipeperuke. Mungu alitusitiri, kukapambazuka salama. Asubuhi mwalimu alitushukuru mmoja mmoja kwa mkono. Shukrani ile inatuuma hadi leo.

Ndugu zetu, njia hii ya kupandia kilimani si ya kuachwa iote majani. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, na waliochimba hasa walikuwa babu zetu, mamia yao, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa yenye umri wa miaka kama milioni 150 ilitolewa ardhini, ikafungwa, kisha ikabebwa kichwani na mabegani kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Ilikuwa zaidi ya tani 200. Reli haikuwepo. Wala hiyo haikuwa miaka ya shibe: vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha juzi tu, na njaa iliyovifuata ilikuwa bado inasimuliwa kwa machozi. Tangu mwaka 1937 mjusi yule amesimama Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13, na watu wa dunia nzima wanapanga foleni kumwona. Suala la kumrudisha limefika hadi bungeni, na sisi tunaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mahali alipotoka ni hapa, na hapa hatuhitaji ruhusa ya mtu kupatunza.

Kwa hiyo kila mwaka tunafanya msaragambo. Tunafyeka nyasi zilizozidi kimo cha mtu, tunaondoa upupu kando ya njia (aliyewahi kuguswa na upupu anajua kwa nini tunauondoa kwanza), tunalaza magogo na mawe mshazari ili maji ya mvua yatoke pembeni yasitiririke katikati ya njia. Kazi hii ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, na watu wengi hawaielewi. Njia ikipotea kila mgeni hujikatia yake, maji nayo hufuata nyayo, likazaliwa korongo. Korongo likifika kwenye mifupa ambayo bado imelala ardhini, huivunja na kuisomba. Mifupa hiyo inalindwa na sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964, hairuhusiwi kuokotwa hata kipande. Maji hayasomi sheria. Yanazuiwa na jembe.

Tunachoomba ni hiki. Mabati 40 ya geji 28 ni shilingi 1,280,000. Mbao za kenchi na misumari 410,000. Saruji mifuko 15 ya kurudishia sakafu na kujengea tangi la kuvuna maji ya paa, 270,000. Kukodi fuso kutoka mjini 180,000, fundi 200,000, mapanga na majembe 140,000. Jumla 2,480,000. Wanakijiji wenyewe tumeshachanga 615,000, wengine kwa kutoa debe la ufuta, na bibi mmoja alileta kuku wawili akasema wauzwe. Zimebaki 1,865,000. Mchanga, mawe, maji na nguvu za kubeba ni juu yetu.

Tunajua wengi mnasubiri mnada wa korosho, na ahadi tunazipokea na kuziandika. Ila dukani hawatupi bati kwa ahadi, na Novemba ikiisha mvua iko mlangoni. Mwenye 5,000 atume 5,000. Mwenye bati moja alete bati moja. Na ninyi wanetu mliosoma mkafika mbali, ambao kwenye mitandao mnajitambulisha kuwa watoto wa Lindi kwa picha ya yule mjusi, tunawaomba kwa upendo kabisa: mwaka juzi tulipopitisha daftari majina yenu hatukuyaona. Safari hii tunayangoja.

Fedha zote zinapitia kwa mweka hazina wetu, yule yule wa mara ya kwanza, kwa namba mnayoijua. Kila anayetoa anaandikwa na kupewa stakabadhi, na mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kusomwa kwenye mkutano wa hadhara. Mara iliyopita zilibaki 37,500, tukanunulia vitasa. Vipo mlangoni, njooni mvione.

Mwisho wa kupokea michango ni tarehe 31 Oktoba. Kuezeka na kufyeka tutaanza Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Tunakutana kwenye mwembe wa ofisi ya kijiji saa kumi na mbili asubuhi, tunaomba dua na sala, kisha tunaondoka pamoja. Njoo na panga lako na chupa ya maji, vaa suruali ndefu. Uji na mihogo akina mama wameshasema watapika wao.