Kipimo cha skizofrenia kijaribiwe kwetu kwanza

Ndugu Mhariri,

Wataalamu wetu wa afya ya akili wanapotafsiri vipimo vya kigeni, naomba wasiishie kwenye Kiswahili fasaha. Chukua PANSS, kipimo kilichochapishwa mwaka 1987 cha dalili za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo kweli. Kina vipengele 30, kila kimoja alama 1 hadi 7. Asiye na dalili yoyote anapata 30, si sifuri. Kipo kipengele ambacho mgonjwa huulizwa maana ya methali. Hapa Dodoma, aliyesoma atakariri jibu la darasani, na bibi wa Kigogo wa Chamwino, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, atakwama. Nani mgonjwa zaidi hapo? Na anayesema jirani kamroga: ni dalili, au ndivyo kijiji kizima kinavyoamini? Hilo kamusi haiamui, hata iwe nene vipi. Wapimaji wawili wamwone mgonjwa yuleyule, kila mmoja aandike alama zake bila kuchungulia za mwenzake, kisha zilinganishwe. Ndugu wanaomuuguza nao waulizwe. Hospitali ya akili ya Mirembe ipo hapa hapa mjini. Kazi ianzie huko, na Wagogo, Warangi na Wasandawe wawemo.

Msomaji,
Area C, Dodoma