Barua kwa mdogo wangu aliyeniambia ndani mwake pametupu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, mdogo wangu.

Ujumbe wako niliuona usiku ule ule. Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikifuta. Uliniambia hujafiwa, huumwi, hujagombana na mtu, ila ndani pametupu tu. Unaswali, lakini ukitoa salamu hukumbuki ulisoma sura gani. Unashinda kitandani na simu, unaperuzi hadi macho yanauma, na hakuna ulichokiona. Mwisho ukaniomba radhi kwa kunisumbua. Hapo kwenye kuomba radhi ndipo niliposhindwa kuendelea kusoma.

Naiandika barua hii wazi, bila kukutaja, kwa kuwa najua vijana wenzako wengi wanalibeba jambo hili kimyakimya, wakidhani ni wao peke yao.

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia. Mimi nami nimepita huko. Nakumbuka asubuhi moja nimesimama bombani kwa ajili ya udhu wa alfajiri. Nimeosha viganja, nimesukutua, nimeosha uso, kisha nikabaki nayatazama maji yanavyozunguka na kuzama kwenye tundu. Sikuwa na huzuni, wala hasira. Sikuwa na kitu. Kuunyanyua mkono wa kulia niuoshe mpaka kwenye kiwiko kulinishinda. Nikafunga bomba, nikarudi kulala, na nilipozinduka jua limeshatoka nikajiita mnafiki.

Nilijikaza nikamweleza mtu niliyemheshimu kwa elimu yake. Akanijibu kwamba mwenye imani hawezi kuwa hivyo. Niliondoka pale na mizigo miwili, ule utupu wenyewe na aibu ya kuwa nao. Leo nasema bila kuuma maneno kwamba alikosea, na ninachoogopa ni kwamba wewe nawe ushaambiwa hivyo, au unajiambia mwenyewe.

Fungua Surat Maryam, aya ya 23. Bi Maryam, mwanamke ambaye Qur'ani inasema Allah alimteua, uchungu wa uzazi unampeleka kwenye shina la mtende, yuko peke yake, na anasema laiti angekufa kabla ya hayo akawa amesahaulika kabisa. Maneno mazito hayo. Sasa angalia jibu alilopewa. Hakukemewa, wala hakuulizwa imani yake imekwenda wapi. Aliambiwa asihuzunike, chini yake kuna kijito. Atikise shina, tende mbivu zitamwangukia. Kisha ale, anywe, litulie jicho lake. Mimi nilikuwa nimezisoma aya hizo tangu utotoni, na sikuwahi kutua hapo. Mja amefika mwisho wa nguvu zake, na miongoni mwa mambo ya kwanza anayohimizwa ni chakula na maji. Nawe jana ulikula saa ngapi, mdogo wangu? Umelala?

Na hilo neno mnafiki, kabla yako na yangu alijiita nalo sahaba. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), alikutana na Abubakar akamwambia: Hanzala amekuwa mnafiki. Alilia kwamba wakiwa mbele ya Mtume wanaiona Pepo na Moto kama kwa macho, na wakirudi kwa wake zao, watoto na shughuli zao, mengi yanawatoka. Abubakar, na uzito wa imani yake wote ule, akasema na sisi yanatupata hayo hayo. Wakaenda pamoja kwa Mtume. Akawaambia kwamba kama wangedumu katika hali ile, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani, lakini, ewe Hanzala, ni saa na saa, yaani kuna saa ya hali ile na saa ya shughuli za dunia. Akalirudia mara tatu. Kisa hiki kimo katika Sahih Muslim. Kinachonigusa ni kwamba aliyejiona mnafiki ndiye aliyekuwa akiumia kwa kuikosa ladha. Wewe usingeniandikia usiku wa manane kama swala haikuhusu.

Tena unajiita mvivu. Mtume alikuwa akiomba kinga kwa Allah dhidi ya wasiwasi na huzuni, kisha dhidi ya ajzi na uvivu, na akavitaja kila kimoja kwa jina lake. Uvivu ni kuweza na kutotaka. Ajzi ni kutaka na kushindwa. Chunguza kwa haki wewe uko wapi, kwa sababu mtu aliyeshindwa hanyanyuki kwa kutukanwa, hata akijitukana mwenyewe.

Mimi nilinyanyuka kidogo kidogo sana. Niliacha kujiwekea ratiba za juzuu moja kwa siku, nikabaki na faradhi tano kwa sura fupi ninazozijua. Bi Aisha amepokea kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni inayodumu hata ikiwa ndogo. Kule bombani nilijifunza kutofikiria udhu mzima. Kiganja kwanza. Halafu mdomo. Simu niliihamishia chumba kingine usiku, na wiki ya kwanza iliniuma kweli. Zipo siku nilizofeli, nikalipa swala yangu, nikaendelea.

Lakini nisikudanganye kwamba hayo yanatosha kwa kila mtu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu inayoonekana, na hii ya pili akaihusisha na mwili. Leo tunaiita sonona, na inatibika. Ukiona wiki mbili zinapita, karibu kila siku iko hivyo, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, nenda kwa daktari kama ungekwenda kwa homa. Mtume ametuamrisha kutafuta dawa. Na ikikujia fikra kwamba heri usingekuwepo, usingoje asubuhi, usione haya, wala usikae peke yako. Niamshe mimi, au mwamshe yeyote aliye karibu, tukutafutie msaada saa hiyo hiyo.

Wakati wangu kulikuwa na rafiki aliyekuwa akinibipu kila alfajiri. Hakuuliza kitu, hakunihubiria. Simu ililia mara mbili ikakatika, nami nikajua kuna mtu yuko macho na ananikumbuka. Siku nyingine niliamka, siku nyingine sikuweza, na kesho yake ililia tena.

Kuanzia kesho nitakubipu. Usipokee. Ukiweza, kaa tu kitandani, ushushe miguu chini. Jumamosi nakuja, na nitataka tule pamoja.

Dada yako.